Mawe Yasiyo na Kwao: Kukisoma Upya Kitabu cha Laufer Kuhusu Jedi za China

Tafuta leo kitabu cha kuanzia kuhusu mapambo ya kale ya jedi kutoka China. Hutamaliza dakika tano kabla hujakutana na jina la Berthold Laufer. Kitabu chake, *Jade: A Study in Chinese Archaeology and Religion*, kilitolewa na Field Museum ya Chicago mwaka 1912. Haki miliki yake ilishakwisha, kwa hiyo unakipakua bure, na kwa wale wanaopenda karatasi kimechapwa upya zaidi ya mara moja. Kina umri wa zaidi ya miaka mia moja na bado kinasomwa na watu wanaotaka kununua, kukusanya, au kujua tu yale mawe ya kijani yaliyo kwenye makabati ya makumbusho ni kitu gani.

Nimekisoma chote. Ni kitabu cha mtu aliyesoma kupita kiasi, kwa maana nzuri ya maneno hayo. Na katika jambo lake kubwa kuliko yote kimekosea, si kwa miaka hamsini wala mia, bali kwa miaka kama elfu mbili. Ninachotaka tuangalie pamoja ni hiki: alikosea vipi, na je, kosa lile lilitokana na uwezo wake au na jinsi vitu vyenyewe vilivyomfikia? Jibu lake linamhusu kila mtu anayefikiria kununua kitu cha kale, kiwe cha China au cha kwetu.

Kwanza, jiwe lenyewe

Jina "jade" lina safari ya ajabu. Wahispania wa karne ya 16 walikuta mawe ya kijani Mexico, wakaambiwa yanatibu maumivu ya kiuno, wakayaita *piedra de ijada*, yaani jiwe la ubavuni. Jina hilo la dawa za Mexico ndilo Wazungu walilolibandika baadaye kwenye jiwe ambalo Wachina kwa maelfu ya miaka walikuwa wakiliita *yu*.

Kumbe hata mawe yenyewe yalikuwa mawili. Mwaka 1863 mkemia Mfaransa Alexis Damour alionyesha kwamba jina moja lilikuwa limebeba madini mawili tofauti. La kwanza ni nefraiti, ambayo ni silikati ya kalisi na magnesi yenye chuma kidogo. La pili ni jedaiti, silikati ya sodiamu na alumini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, nefraiti inapata kati ya 6 na 6.5, jedaiti kati ya 6.5 na 7. Kisu cha kawaida cha chuma kiko karibu 5.5, kwa hiyo hakikwaruzi hata moja kati ya hayo mawili.

Lakini sifa ya nefraiti si ugumu tu. Ndani yake ina nyuzi nyembamba sana zilizofumana, kama ukindu uliosukwa mkeka. Ukiipiga, ufa haupati njia iliyonyooka ya kupita, kila hatua unakutana na uzi mwingine. Ndiyo maana unaweza kuichonga ikawa nyembamba kama ganda la yai na isivunjike. Ndiyo maana pia huwezi kuichonga kwa patasi. Inabidi isagwe polepole: uzi au ubao, maji, na mchanga mgumu kuliko jiwe, kwa mfano wa kwatsi wenye ugumu wa 7. Kazi ni ya mchanga, uzi unausukuma tu. Fikiria siku ngapi mtu anakaa anavuta uzi mbele na nyuma ili apate bangili moja. Jiwe la namna hiyo haliwezi kuwa la kila mtu.

Hapa pana faida ya bure kwa mnunuzi. Jedaiti, ile ya kijani kikali inayong'aa, ilianza kuingia China kwa wingi kutoka Myanmar katika karne ya 18. Jedi ya kale ya China ni nefraiti. Mtu akikuletea pete ya jedaiti eti ilitoka kaburi la enzi ya Han, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Laufer alileta nini kipya

Laufer alizaliwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1874, akahamia Marekani akiwa kijana. Kati ya mwaka 1908 na 1910 aliongoza msafara wa Field Museum uitwao Blackstone, akazunguka China na Tibet akinunua vitu kwa ajili ya makumbusho. Alijua Kichina na Kitibeti, na alisoma maandishi ya kale ambayo wakusanyaji wengi wa wakati wake hawakuweza hata kuyashika upande sahihi.

Ili uone alivyokuwa tofauti, chukua kitabu kilichomtangulia. Mwaka 1906 ilitoka kazi ya juzuu mbili kuhusu mkusanyiko wa tajiri wa New York, Heber Bishop. Zilichapwa nakala 100 tu. Ni kazi ya fahari, lakini uzito wake uko kwenye sanamu na vyombo vya karne ya 18, yaani vitu vilivyokuwa vimechongwa kwa ajili ya macho. Laufer aligeuza macho kuelekea vile vipande vidogo, vizee, vyenye madoa ya udongo, akauliza maswali ambayo mkusanyaji wa kawaida haulizi. Kitu hiki kilitumika kufanya nini? Nani alikivaa? Kwa nini kilizikwa?

Kitabu kinapita kwenye shoka za jedi, alama za ufalme, vitu vya ibada, mapambo ya mshipi, hirizi za maiti, hadi vyombo vya mezani. Picha zake bado zinafaa. Uandishi ni mzito, na majina ya Kichina yameandikwa kwa mtindo wa zamani, kwa hiyo *cong* utaikuta kama *ts'ung* na *bi* kama *pi*. Ukishazoea unasonga.

Pale alipopatia

Sura bora kuliko zote ni zile za mazishi. Laufer anaeleza vipande vya jedi vilivyozibia matundu ya mwili wa marehemu, na hasa nyenze mdogo wa jedi aliyewekwa juu ya ulimi. Nyenze hukaa ardhini muda mrefu akiwa lava, kisha anatoka, anavua gamba, anaruka. Kwa watu wa Han, waliokuwa wakitamani maisha yasiyokoma, mfano huo ulitosha. Pamoja na hayo kulikuwa na imani kwamba jedi inazuia mwili usioze.

Miaka 56 baada ya kitabu, ushahidi ulifumuka kutoka mlimani. Mwaka 1968, huko Mancheng katika jimbo la Hebei, lilifunguliwa kaburi la mwana wa mfalme Liu Sheng, aliyefariki mwaka 113 KK. Alikuwa amevishwa vazi zima la jedi, kuanzia kichwani hadi miguuni: vipande 2,498 vilivyoshonwa kwa uzi wa dhahabu wenye uzito wa kama kilo 1.1. Maandishi ya Han yalikuwa yametaja mavazi hayo, ila hakuna aliyekuwa ameona moja likiwa zima. Mwili wenyewe ulikuwa umeshageuka vumbi. Jedi haikufanya kazi iliyotumwa, lakini maelezo ya Laufer kuhusu dhamira ya wazishi yalisimama.

Kwa nini hapa alipatia? Shika jambo hili maana ndilo ufunguo wa yanayofuata. Vitu vilikuwa vya enzi ya Han. Maandishi aliyoyatumia kuvieleza nayo yalikuwa ya enzi ya Han au yaliyo karibu nayo. Kitabu na kitu vilikuwa majirani, kwa hiyo kimoja kingeweza kumshuhudia mwenzake.

Pale alipokosea

Sasa njoo kwenye *cong*. Ni kitu ambacho ukikiona mara moja hukisahau. Nje ni mraba, ndani kimetobolewa tundu la duara kutoka juu mpaka chini. Kingine kifupi kama bangili nene, kingine kirefu kama mnara wenye ghorofa, na kwenye pembe zake nne mara nyingi kuna nyuso: macho mawili ya duara, mistari juu, pua. Ndugu yake ni *bi*, sahani bapa ya mviringo yenye tundu katikati.

Laufer alikuwa na vitu hivyo mkononi, na hakuwa na habari yoyote ya vilikotoka. Vilipita sokoni, kutoka kwa mchimbaji hadi kwa dalali hadi kwa tajiri. Akafanya anachofanya msomi yeyote, akatafuta kwenye vitabu. Katika *Zhouli*, kitabu kinachoeleza taratibu za utawala wa nasaba ya Zhou, imeandikwa kwamba *bi* hutumika kuabudu Mbingu na *cong* ya manjano kuabudu Dunia. Mwaka 1889 afisa na mkusanyaji Wu Dacheng alikuwa ametoa kitabu cha michoro ya jedi za kale ambacho kiliunganisha majina ya vitabuni na vitu vilivyokuwa mikononi mwa watu. Laufer alikiegemea sana kitabu hicho. Kisha akaongeza hatua yake mwenyewe: *bi* na *cong* si vyombo vya ibada tu, ni sanamu za miungu yenyewe, Mbingu na Dunia. Akaviweka katika enzi za Zhou na Han.

Ni hoja nzuri jamani. Katika fikra za China ya kale mbingu ni duara na dunia ni mraba, na hapo unashika mkononi mraba uliobeba duara. Mtu ungetaka nini tena?

Ungetaka kaburi. Na kaburi lilipatikana mwaka 1973, huko Caoxieshan katika jimbo la Jiangsu. Wanaakiolojia walikuta *cong* ikiwa bado mahali ilipowekwa na wazishi, pamoja na vyungu vya utamaduni wa Liangzhu. Jiwe halipimiki kwa kaboni 14, lakini mkaa na mabaki ya mimea kutoka tabaka za utamaduni huo yanapimika, na majibu yake yako wazi: Liangzhu ni ya kati ya mwaka 3300 na 2300 KK hivi. Watu hao waliishi kabla ya maandishi yoyote ya Kichina tunayoyafahamu. *Zhouli* iliandikwa katika karne za mwisho kabla ya Kristo.

Pima umbali huo. Kati ya mchongaji wa *cong* na mwandishi aliyeeleza matumizi yake kuna miaka kama 2,000, sawa na kutoka kwa Yesu mpaka kwako wewe unayesoma hapa. Mwandishi wa *Zhouli* huenda aliona kitu cha kale kisichojulikana kazi yake akakitafutia nafasi kwenye mpango wake. Wu Dacheng akamwamini. Laufer akamwamini Wu Dacheng. Kila mmoja alikuwa msomi kuliko sisi, na mnyororo mzima ulining'inia hewani.

Nisimwonee Laufer. Mwaka 1912 hakuna mtu aliyekuwa ameuchimba kwa utaratibu makazi hata mamoja ya Zama za Mawe Mpya nchini China. Kazi ya Andersson pale Yangshao ilianza mwaka 1921. Hakuwa na rafu ya kuweka kitu cha mwaka 3000 KK kwa sababu rafu yenyewe ilikuwa haijatengenezwa.

Makaburi yalisema nini

Mwaka 1986 huko Fanshan, katika jimbo la Zhejiang, yalichimbwa makaburi ya wakubwa wa Liangzhu. Katika kaburi namba 12 ilikutwa *cong* yenye uzito wa kilo 6.5. Juu yake, kwa mistari ambayo unahitaji lenzi kuifuata, amechongwa mtu mwenye kilemba kikubwa cha manyoya, mikono yake ikiwa juu ya uso wa mnyama mwenye macho makubwa. Wale "macho mawili na pua" wa kwenye vipande vya sokoni, kumbe walikuwa ufupisho wa picha hii. Vipande vya Laufer visingeweza kumwambia hilo, maana ni sawa na kupewa herufi za mwanzo za jina la mtu usiyemjua.

Mwaka uliofuata ni Yaoshan, na hapa habari inauma. Mahali hapo palijulikana kwa sababu wachimbaji haramu walikuwa wameshafika. Wanaakiolojia waliingia nyuma yao kuokoa kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa safu mbili za makaburi. Safu ya kusini ilikuwa na *cong* na shoka za jedi. Safu ya kaskazini haikuwa na *cong* hata moja. Badala yake kulikuwa na vidani vya nusu duara na vifaa vya kusokotea nyuzi. Watafiti wengi wanaona hapo mgawanyo wa wanaume na wanawake. Mimi ningeenda polepole kidogo, kwa sababu mifupa karibu yote imeyeyuka kwenye udongo, na kusema "nyuzi, basi mwanamke" ni kuazima desturi za baadaye kueleza mambo ya zamani, kosa lile lile tunalomlaumu Laufer. Lakini mgawanyo wenyewe upo. *Cong* ilikuwa na wenyewe.

Sidun, Jiangsu, kaburi namba 3: kijana wa miaka kama 20, amezungukwa na *cong* 33 na *bi* 24, baadhi zikiwa na alama za moto. Kama *cong* ni sanamu ya mungu Dunia, kijana mmoja anahitaji mungu Dunia mara 33? Nadharia ya Laufer haina mahali pa kuliweka kaburi hili. Kinachoonekana ni mamlaka, utajiri wa kazi za mikono, na tendo la mazishi lililofanyika kwa moto kabla udongo haujafukiwa.

Sasa angalia ushahidi wote huo unatokana na nini. Safu ipi. Pamoja na nini. Upande gani wa mwili. Alama ya moto iko kwenye jiwe peke yake au na udongo wa chini yake pia? Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuwekwa kwenye sanduku na kuuzwa. Mchimbaji haramu anapochomoa *cong* usiku anabeba jiwe na kuviacha vyote hivyo vikiwa vimevurugwa. Hajaiba kitu tu. Amefuta ukurasa, na nakala nyingine haipo.

Kifaa cha nyota ambacho hakikuwa

Kuna mfano wa pili, na wapenda sayansi mtaupenda zaidi. Laufer, tena akimfuata Wu Dacheng, alikubali kwamba aina fulani ya sahani ya jedi yenye meno ukingoni ilikuwa kifaa cha kuangalia nyota, kinachotajwa kwa jina la *xuanji* kwenye maandishi ya kale. Wazo likakua. Mwaka 1947 Henri Michel alipendekeza kwamba meno yale yanalingana na nyota zinazozunguka ncha ya kaskazini ya anga, na kwamba *cong* ilikuwa bomba la kuchungulia linaloshikilia sahani hiyo. Joseph Needham, mwanahistoria mkubwa wa sayansi ya China, akalipokea katika juzuu ya tatu ya kazi yake mwaka 1959.

Fikiria sasa: sahani hii ni ya nyota, na ile *cong* ni bomba lake. Kila kitu kinaingia mahali pake! Tatizo, sahani zilizochimbwa kwa utaratibu hazikutii. Zimetoka kwenye makaburi ya Zama za Mawe Mpya, hasa Shandong na Liaoning, idadi na nafasi ya meno yake inabadilika kutoka moja hadi nyingine, na hazikukutwa zikiwa zimeungana na *cong*. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Xia Nai huko China na Cullen na Farrer huko Uingereza waliikataa tafsiri ile. Kwa Xia Nai hizo zilikuwa *bi* zenye meno, mapambo. Basi.

Somo hapa si kwamba Needham alikuwa mjinga. Ni kwamba kitu kisicho na mazingira yake hakina uwezo wa kukukatalia. Unaweza kukipa kazi yoyote na kitanyamaza. Nadharia isiyoweza kukataliwa na ushahidi wake yenyewe inanona haraka sana.

"Lakini si kuna maabara siku hizi?"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila nikizungumza mambo haya. Maabara zipo na zinafanya kazi nzuri. Mwanga wa leza unaweza kukuambia kwa dakika chache kama jiwe ni nefraiti, jedaiti au serpentini laini iliyotiwa rangi, bila kulikwaruza. Watafiti wa British Museum walichukua ukungu wa silikoni kwenye michoro ya jedi na kuuchunguza kwa hadubini ya elektroni. Uzi uliovutwa na mchanga unaacha alama za mviringo, gurudumu linalozunguka linaacha mfereji wenye umbo lake, keekee nayo ina alama zake. Ukikuta alama za gurudumu la kisasa kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha mwaka 3000 KK, kesi imekwisha.

Lakini kesi inakwisha upande mmoja tu. Maabara inaweza kusema "hiki ni feki". Haiwezi kwa uhakika ule ule kusema "hiki ni halisi", kwa sababu jiwe lenyewe ni la mamilioni ya miaka na siku lilipochongwa haijajiandika popote. Mghushi naye ana uzi, ana mchanga, na ana muda. Weupe unaoingia kwenye jedi iliyokaa udongoni unaigizwa kwa moto na tindikali. Kuna hata masimulizi ya zamani ya mafundi walioshonea kipande ndani ya mwili wa mbwa au kondoo ili damu ikipe rangi ya uzee.

Inabaki mtindo wa uchongaji. Na mtindo tunaujua kutoka wapi? Kutoka kwenye vipande vilivyochimbwa kwa utaratibu. Ripoti za uchimbaji zinachapishwa na picha zote, na mghushi anajua kusoma kama wewe. Kwa hiyo kipande cha sokoni kinachofanana kabisa na cha Fanshan ni cha kuogopa zaidi, si kidogo. Na kipande cha sokoni kisichofanana na chochote kilichochimbwa hakiwezi kutufundisha jambo jipya, maana hatuna haki ya kukiamini. Kwa vyovyote, elimu haiongezeki.

Utetezi wa mkusanyaji

Haki itendeke. Kukusanya jedi za kale hakukuanzishwa na Wazungu. Fu Hao, mke wa mfalme wa Shang aliyezikwa Anyang karibu mwaka 1200 KK, alizikwa na vipande 755 vya jedi, na baadhi vilikuwa vimechongwa karne nyingi kabla hajazaliwa. Mama huyo alikuwa na mkusanyiko. Mfalme Qianlong wa karne ya 18 alikusanya kwa shauku na kuchongesha mashairi yake mwenyewe juu ya mawe ya watu. *Cong* aliidhani kuwa pambo la mpini wa machela ya kubebea watu.

Na bila wakusanyaji kama Wu Dacheng vipande vingi vingepotea au kusagwa kutengeneza vitu vipya. Hilo nalikubali. Ila tazama tofauti. Kaburi la Fu Hao lilifunguliwa mwaka 1976 likiwa halijaguswa, ndiyo maana tunajua kwamba alikuwa mkusanyaji. Vipande vile vile, vingeuzwa kimoja kimoja kwa madalali, leo vingekuwa na vibao vya enzi tano tofauti katika miji mitano, na kisa cha malkia aliyependa vitu vya kale kisingekuwapo duniani.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa hili mara mbili. Vigae vya kauri za China vilivyotolewa Kilwa Kisiwani na Neville Chittick vilisaidia kupanga tarehe za mji mzima kwa sababu aliandika kila kimoja kimetoka tabaka lipi. Kigae hicho hicho kikiwa kwenye droo ya mtalii ni kipande cha sahani. Na vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wazee waliofariki, ving'olewa na kuuzwa mpaka vikafika kwenye makumbusho ya Marekani kama "sanaa". Baadhi vimerudishwa Kenya. Kigango kilichorudi bila kujulikana kilisimama kwa nani, kwenye boma gani, kimerudi nchini lakini hakijafika nyumbani.

Basi, tukisome au tusikisome?

Tukisome. Sura za mazishi na za mapambo ya mshipi bado zina chakula, na jinsi Laufer anavyobana maandishi mpaka yatoe jasho ni shule tosha. Sura ya miungu ya Mbingu na Dunia na ile ya vifaa vya nyota zisome pia, lakini zisome kama unavyosoma jaribio lililoshindwa: kila hatua ina akili, na bado jibu si sahihi. Wanafunzi wa uzamili tunahitaji kuona makosa ya namna hiyo, kwa sababu makosa ya wavivu hayatufundishi kitu.

Ninachomlaumu ni kimoja, na nadhani alikuwa na uwezo wa kukikwepa. Mahali pengi anaandika kwa uhakika ambao vitu vyake havikumpa. Angeweza kusema "nimenunua, sijui kilikotoka, na kitabu kinachokieleza huenda kilikuja baadaye sana". Sentensi hiyo moja ingewaokoa waliomfuata miongo kadhaa.

Kwa wewe unayefikiria kununua: China ina sheria ya kulinda mambo ya kale tangu mwaka 1982, na kilichoko ardhini ni mali ya taifa. Tangu mwaka 2009 Marekani nayo imezuia kuingizwa kwa vitu vya kale kutoka China visivyo na vibali. Mkataba wa UNESCO ni wa mwaka 1970. Kipande kisicho na karatasi za kuonyesha kilikuwa wapi kabla ya miaka hiyo kina njia mbili tu zinazoelekea kuwa za kweli: ni feki, au kuna Yaoshan nyingine mahali fulani yenye shimo jipya. Kama unapenda jiwe lenyewe, nunua jedi mpya kwa fundi aliye hai. Nefraiti ni ile ile, na pesa inakwenda kwa aliyeisugua.

Na ukipata nafasi ya kuingia makumbusho yenye kabati la jedi, usianzie kwenye jiwe. Anzia kwenye kibao. Kikisema "Fanshan, kaburi namba 12", kaa hapo muda mrefu. Kikisema "China, zawadi ya fulani", tazama uzuri wake, kisha ujiulize kilitoka mkononi, kifuani au mdomoni mwa nani.